Vitabu vya Chini ya Ngazi

Wifi yangu anauza vitabu, na yeye mwenyewe hasomi. Mpe kitabu chochote. Kabla hajafika ukurasa wa pili kidevu kimeshagusa kifua. Lakini kuuza anajua. Ana chumba chembamba chini ya ngazi za jengo la ghorofa, kimebanwa kati ya kibanda cha fundi viatu na mlango wa kupandia juu, na humo amepanga vitabu vya mitumba hadi pale dari linapoinama kufuata ngazi. Mtu mrefu akiingia lazima ainame. Wifi anasema hiyo ni heshima kwa vitabu.

Ukiwa ndani unasikia kila anayepanda na kushuka juu ya kichwa chako. Kuna kipandio kimoja karibu na katikati kimezidi vingine kwa urefu, na wageni wote hujikwaa hapo. Unasikia hatua, hatua, kishindo, halafu neno ambalo sitaliandika.

Siku moja mteja alishika kitabu akauliza kinahusu nini. Wifi akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akajibu, "Kinahusu mambo mengi." Mteja akakirudisha akaenda zake. Mimi nilikuwepo, nimepitia kumchukua binti yangu ambaye hushinda pale baada ya shule, na nikakasirika utadhani duka ni langu.

"Wifi, ndivyo unavyouza?"

"Sasa niseme nini? Kwani nimekisoma?"

"Basi nipe nikusomee."

"Chukua. Chukua na wenzake, usiwatenge."

Mimi natunza ghala la vipuri vya pampu za maji. Nina stashahada ya ugavi, na kazi yangu kwa ufupi ni kufungua boksi, kuangalia kama kilichomo ndicho kilichoandikwa nje, na kusema ukweli hata kama aliyeleta mzigo ananuna. Niliona kitabu nacho ni boksi. Nikawa nasoma jikoni nikingoja maji yachemke, nasoma kwenye foleni ya kliniki, nasoma mume wangu akitazama mpira na kumfokea mwamuzi asiyemsikia. Nikimaliza nakata kipande cha boksi la vipuri, naandika maoni yangu kwa kalamu ya wino mzito, nakichomeka kitabuni kichwa kikiwa nje. Nilijiwekea sharti moja: nikishindwa kumaliza, naandika nilipoishia. Simwambii mtu nimefika nisikofika.

Sikuwa nachagua. Nilichukua kilichokuwa juu ya rundo. Kitabu cha ufugaji wa nyuki nilikianza kwa kununa na nikakimaliza nikiwasumbua watu wa nyumbani. Kadi yake ilisema: "Kumbe malkia hatawali chochote, kazi yake kutaga. Wafanyakazi wakiona hafai wanaandaa mwingine. Kisome kama una bosi." Kitabu cha tajiri mmoja anayefundisha watu kufanikiwa nilikiandikia: "Anasema tuamke alfajiri. Naamka alfajiri." Cha kupunguza mwili: "Mwandishi hajawahi kupikia watu watano wenye njaa." Cha mapenzi: "Wangeongea vizuri siku ya kwanza, kitabu kingeisha ukurasa wa kumi. Lakini sikuweza kukiweka chini, na sijui kwa nini." Kile cha nyota na sayari kilinitesa. Nikaandika, "Nusu yake sikuielewa. Nimekisoma mara mbili," na bado nilikuwa natoka uani usiku kuanika nguo ambazo zingeweza kungoja asubuhi, kisa niangalie juu.

Cha upelelezi ndicho kilichotukosanisha.

"Wifi! Umemtaja muuaji kwenye kadi!"

"Nimemwokolea mteja muda."

"Mteja ananunua huo muda! Futa!"

Nikafuta. Hapo nilijifunza kitu kuhusu biashara.

Watu wakaanza kuja kusoma kadi. Wengine walisoma kadi tu wakaondoka wakicheka, lakini wengi waliondoka na kitabu, na wapo walionunua hasa vile nilivyovisema vibaya ili wahakikishe. Fundi viatu akanibatiza Mama Kadi. Binti yangu akawa ananikaribia nikiwa naandika, ananichungulia begani.

"Mama, hiyo ya mashairi umeandika kwa upole. Unaumwa?"

Alikuwa anasema kweli. Kulikuwa na shairi la mama anayekunja nguo za mtoto ambazo hazimtoshi tena. Nililianza nimesimama, nikalimaliza nimekaa. Kadi ilisema hivyo hivyo tu.

Siku moja dereva wa kiwanda cha uchapaji akashusha rundo dogo la kitabu kipya, ambacho hakijawahi kuguswa na mtu. Jalada la rangi ya udongo, picha ya mwiko wa mwashi, na jina la mwandishi ni la kubuni, lile la aina ya Mwana wa Jasho. Dereva alisema mwandishi hataki kujulikana, viuzwe tu. Wifi akakubali, kitabu kipya kwenye duka la mitumba ni kama bibi harusi, kinapendezesha mlango.

Nikakichukua. Kinasimulia habari za kijana, mtoto wa mwashi, anayejifunza kazi ya baba yake. Nikasoma jinsi ya kuchekecha mchanga. Nikasoma uwiano wa saruji na kokoto, halafu nikausoma tena kwa maneno mengine. Kijana alikuwa na baba, mama na dada mkubwa, lakini hao walipita nyuma ya mifuko ya saruji kama watu wa kwenye picha iliyopigwa vibaya. Kuta zilielezwa hadi ungeweza kuzigonga. Watu, hapana. Nikavumilia mpaka ukurasa wa sitini, nikasinzia mimi, mtu ambaye hata kitabu cha nyota hakikunilaza.

Nikaandika: "Mwandishi huyu anaujua ukuta kuliko anavyomjua mtu. Nimeishia ukurasa wa sitini. Kinamfaa asiyepata usingizi." Nikaichomeka, nikaendelea na maisha yangu.

Haikuisha wiki, nikamkuta wifi amekaa juu ya rundo la kamusi, mikono mapajani, hata mtandio haujakaa sawa.

"Mzee wa Juu anataka chumba chake," akasema. "Mwisho wa mwezi nihame."

Mzee wa Juu ndiye mwenye jengo. Anaishi ghorofani peke yake tangu mkewe afariki. Mkandarasi mstaafu, mtu wa maneno machache na salamu ndefu. Kwa miaka yote hakuwahi kumsumbua wifi. Na chumba kama kile, cha barabarani, kwa kodi ya huruma aliyompangisha, wifi asingekipata kwingine. Nje ya pale angebaki na vitabu vyake chini ya turubai, na mvua haijui kusoma.

"Amesema sababu?"

"Anasema anataka kuweka vitu."

"Vitu gani? Ana ghorofa nzima."

"Wifi, mimi ningemuuliza mwenye nyumba ana vitu gani?"

"Alikuja lini mara ya mwisho?"

Akafikiri. "Jana. Alisimama pale muda mrefu anasoma kadi zako. Nikafurahi. Akauliza nani anaziandika, nikamwambia ni wifi yangu, msomi, ana stashahada. Akachukua moja akaitia mfukoni, akapanda. Leo asubuhi ndiyo akashuka na hiyo habari."

"Kadi gani?"

Hakujua. Nikaanza kupita kitabu kwa kitabu, kama ninavyofanya ghalani mzigo ukipungua. Ya nyuki ipo. Ya tajiri ipo. Ya mapenzi ipo, na kuna mtu amechora moyo pembeni. Kitabu cha rangi ya udongo kilikuwa hakina kadi.

Sasa, mzee mwenye jengo anachukua kadi ya kitabu cha mtu mwingine anaipeleka wapi? Nilikuwa na hasira, lakini hasira yenyewe ilikuwa imezidiwa na kiherehere cha kutaka kujua. Nikachukua kitabu nikaenda nacho nyumbani, nikakifungua ukurasa wa sitini na moja.

Ukurasa wa sitini na nne baba na mwana wanaanza kujenga ngazi.

Kijana anakosea kipimo. Kipandio kimoja kinazidi vingine, karibu na katikati. Anashika nyundo akibomoe, baba anamzuia. "Kiache," anasema. "Kila atakayejikwaa atakukumbuka." Nikakiweka kitabu mezani. Kile kipandio nilikuwa nakijua. Kimenivunja ukucha.

"Ni yeye," nikasema kwa sauti.

"Nani?" mume wangu akauliza, macho kwenye mpira.

"Mzee wa Juu. Ndiye aliyeandika. Nimemwambia kitabu chake ni dawa ya usingizi."

Mume wangu akapunguza sauti ya televisheni, jambo ambalo halifanyi hata kwa mgonjwa. "Na dada yangu ndiye anafukuzwa?"

"Ndiyo."

"Basi kesho asubuhi nenda kaombe radhi."

"Kwanza nimalize."

Maana kitabu kilikuwa kimebadilika mkononi mwangu. Baada ya ngazi, yule dada mkubwa akatoka nyuma ya saruji. Anamchokoza mdogo wake, anamwita Bwana Kipimo. Anapika huku akibishana na baba yao kuhusu jambo ambalo mwandishi hasemi ni jambo gani, ila kila wakibishana kuna sahani inawekwa chini kwa nguvu. Halafu kuna asubuhi moja, bado giza, kijana yuko macho kitandani. Anamsikia dada anashuka ngazi, viatu mkononi. Anajua ni mkononi kwa sababu hakuna mlio wa viatu. Anahesabu vipandio moyoni, na kile kirefu dada anakivuka bila kujikwaa. Mlango unafunguliwa taratibu. Sura inaisha.

Nikafungua sura inayofuata nikimtafuta. Wanajenga shule. Nikaruka mbele: wanajenga kituo cha afya. Kijana anaoa, anapata watoto, baba anakufa, kuna hotuba, kuna utepe unakatwa kwa mkasi. Dada hayupo. Hakutajwa hata msibani kwa baba yake. Nikarudi nyuma nikidhani nimeruka ukurasa, nikaikagua mishono kama karatasi imechomoka. Hakuna kilichochomoka. Kitabu kimeisha na mtu mmoja amepungua, na anayesimulia hajashtuka.

Kesho yake nikampitia wifi tukapanda pamoja. Njia nzima ananinong'oneza.

"Useme samahani. Useme ulikuwa na homa. Useme ni kadi ya kitabu kingine, imekosewa mahali."

"Sisemi uongo."

"Wifi, kwa ajili yangu. Uongo mdogo tu, wa kadiri ya kadi."

Mzee akatufungulia mwenyewe. Sebule yake ilikuwa safi kama mahali pasipopikwa. Dirishani kulikuwa na maboksi ya kiwanda cha uchapaji yaliyopangwa hadi yanazuia mwanga.

"Shikamoo mzee," tukasema.

"Marahaba. Nani huyu?"

"Ndiye wifi yangu," wifi akasema haraka, "amekuja kuom—"

"Nimekuja kuuliza," nikasema.

Wifi akanikanyaga mguu.

Mzee akatoa kadi yangu mfukoni mwa shati, akavaa miwani, akaisoma yote kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya mashtaka. Alipofika kwenye usingizi akanitazama juu ya miwani. "Nimekiandika tangu nistaafu. Kwa mkono. Wewe umekimaliza kwa mistari mitatu."

"Sikukimaliza, mzee, ndiyo maana nikaandika nilipoishia. Na usingizi sikukutania. Mimi mwenyewe nililala."

"Mama yangu," wifi akasema, akijisemea.

"Kila mtu amekisifu," mzee akasema. "Wanangu wote wamekisifu. Majirani. Mchapaji alinipa mkono."

"Waliuliza dada alikwenda wapi?"

Alikuwa anaikunja miwani, mkono ukasimama.

"Dada gani?" wifi akauliza, akitutazama kwa zamu.

"Umefika huko?" mzee akaniuliza. Sauti ilikuwa nyingine.

"Nimefika mwisho. Nimemtafuta shuleni, kwenye kituo cha afya, mpaka msibani. Mzee, mtu anashuka ngazi na viatu mkononi, halafu mnakata utepe? Nimekaa na kitabu kimefungwa nimekasirika peke yangu kama mwehu. Alikwenda wapi?"

Akakaa. Na sisi tukakaa, kwa kuwa hakuna aliyetukataza.

"Kitabu hiki," akasema, "nimewapa watu wengi. Nikawa nangoja. Nilijua atakayefika pale ataniuliza. Haiwezekani usiulize. Wakawa wananiambia, mzee, kitabu kizuri, jalada zuri." Akatabasamu bila kufurahi. "Ndipo nikasema labda wageni. Nikapeleka chini, bila jina langu. Nasikia mnapoongea, ngazi zile chini yake ni tupu, kila kitu kinapanda. Nikakaa kwenye vipandio kama mtoto nikisikiliza. Halafu nikashuka nikakuta kadi, na kadi inasema mtu ameishia ukurasa wa sitini."

"Kurasa nne tu kabla ya ngazi," nikasema.

"Nne."

"Basi kosa ni la saruji, mzee. Mimi nimevumilia mchanga ukichekechwa mara mbili."

"Ile ni elimu!"

"Ni elimu mara ya kwanza."

Nilidhani atatufukuza. Akacheka kidogo, kwa pua, kama mtu aliyesahau njia ya kucheka. Kisha akajibu lile swali, akitazama maboksi na si sisi.

"Sijui alikwenda wapi. Nilimsikia akishuka nikanyamaza. Nilidhani anakwenda kwa rafiki yake, atarudi mchana. Baba akakataza jina lake nyumbani, na baba alipokufa tulikuwa tumeshazoea. Nimejenga nyumba katika miji mingi, kila mji nauliza. Ningeandika nini? Mimi ni fundi. Siwezi kumalizia ukuta ambao sijui unaishia wapi."

"Andika kwamba hujui," nikasema. "Msomaji si mtoto. Kinachomuudhi si kutojua. Kinachomuudhi ni wewe kufanya kama hukuona."

Wifi alikuwa amesahau kunikanyaga. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa hayafuti. Akauliza lile swali ambalo mimi, na stashahada yangu, sikuwa nimelifikiria. "Mzee, dada yako alikuwa anajua kusoma?"

"Kuliko sisi wote," mzee akasema. "Ndilo walilokuwa wakigombania na baba. Alikuwa anataka kwenda shule ya juu."

Chini mtu alikuwa anamwita fundi viatu.

"Na jina lako umeliondoa kwenye jalada," nikasema polepole. Nilikuwa sikaripii tena. Nilikuwa nafikiri tu, kama ghalani mtu anapoleta kipuri bila namba na mwenye pampu hajulikani. "Akikiona kwenye rafu mahali, atajuaje ni wewe?"

Mzee akanyoosha mkono akanipa ile kadi.

"Hii haifai tena. Uliisema nusu ya mzigo. Sasa umefungua wote, andika ya mzigo wote."

"Nitaandika ninachokiona."

"Sijakuomba usifu."

Nikaigeuza upande wa pili, kalamu ninayo daima, nikaandika palepale juu ya goti: "Mwanzo ni mzito kama mfuko wenyewe. Anza ukurasa wa sitini na nne, ngazi zinapojengwa. Kuna dada anayeondoka alfajiri. Ukimaliza kitabu utabaki unamtafuta."

Mzee akaisoma. Akaisoma tena, midomo ikitembea. Kisha akaomba kalamu. Chini ya maneno yangu akaandika, "Na mwandishi naye anamtafuta," na chini ya hapo jina lake lote, lake na la baba yake, na lile la utani alilopewa na dada.

Wifi akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Yeye ni mfanyabiashara, hata akilia hapotezi hesabu ya kilichomleta.

"Mzee, na chumba je? Mwisho wa mwezi umekaribia."

"Chumba gani?"

"Si ulisema unataka kuweka vitu?"

Akageuka kuyatazama maboksi dirishani kama mtu aliyeyaona sasa hivi. "Vitu vyenyewe ni hivi," akasema. "Nilitaka kuviondoa rafuni nivifungie humo, visiuzwe tena. Sasa vikifungiwa nani ataviona? Shusheni hayo mawili ya juu. Yananizibia mwanga, na kila kitabu kiwekewe kadi kama hiyo."

"Zote niandike mimi?" nikauliza.

"Nusu wewe, nusu mimi," akasema, akaanza kukunja mikono ya shati.

Nikashika boksi la kwanza upande mmoja, wifi upande wa pili. Lilikuwa zito kama saruji, lakini nilijizuia kulisema.